Nilivyouzuia mkate wa mahindi kung'ang'ania kikaango

Kwa mnaopika vyakula vya Kusini mwa Marekani nyumbani: mkate wangu wa mahindi ulikuwa ukiganda kwenye kikaango cha chuma, ukiung'oa unamomonyoka, na chini umepauka. Kuongeza mafuta hakukusaidia. Karatasi ya kuokea nayo ilizuia tu ukoko.

Dawa ilikuwa hii: kikaango kitupu kinaingia oveni kwanza, nyuzi 220 za Selsiasi. Kikishika moto barabara, tia mafuta vijiko viwili, yazungushe hadi ukingoni, kisha mimina rojo papo hapo. Ni lazima usikie "chwaaa!" Kukiwa kimya, chuma hakijapata moto wa kutosha. Ukoko hushika mara tu rojo linapogusa chuma. Oka dakika 20 hadi 25.

Sasa nikikibinua, mkate unatoka mzima, tena wa kahawia. Ule na sukuma wiki yenye mchuzi wake.