Kabichi katikati ya meza

Nimerudi sasa hivi, mikono bado inanukia kitunguu saumu.

Leo mama ametimiza miaka 60. Kila mtu alipewa jukumu lake. Mimi niliambiwa nipambe meza, tena nilete kitu cha kuonja kabla ya chakula. Nikaamua pambo ndilo liliwe, na jiko nisiliwashe kabisa.

Nikachukua kabichi kubwa. Kitako nikakikata kiwe bapa ili lisiyumbe. Majani ya nje nikayakunjua taratibu kama ua linalochanua, katikati nikachimba shimo la kutosha bakuli dogo la mtindi mzito wenye limau na kitunguu saumu.

Kisha nikachomeka kwenye kabichi vijiti vya meno 60, kila kimoja na nyanya ndogo, kipande cha jibini, tango. Nyanya nilizifuta moja moja kwa kitambaa, maana zikibaki na maji jibini inalowa na kuteleza. Karoti nilizimenya utepe utepe nikazitia kwenye maji ya barafu, zikajikunja zenyewe.

Jamani, hapo nilifurahi!

Wageni wakaizunguka meza, hakuna anayegusa. Wanapiga picha tu.

Mama akanyoosha mkono, akachomoa kijiti cha juu kabisa, akachovya, akala huku amefumba macho.

Akachomoa cha pili. Akanilisha mimi, mbele ya watu wote.

Bado naisikia ile ladha.

Nyie mnatumia nini badala ya kabichi? Mwezi ujao nina shughuli nyingine, nipeni mawazo.