Kioo cha mlango kilivyogoma kushuka baada ya kubadili betri, nilivyotatua

Wenye magari ya spoti ya milango miwili isiyo na fremu ya kioo, hii iwasaidie. Kawaida ukivuta kitasa kioo kinashuka kidogo, ukifunga kinapanda, sasa baada ya kubadili betri kikagoma, kikawa kinakwaruza mpira na mlango haufungi vizuri. Nikacheki fyuzi, nikapuliza silikoni kwenye mpira, wapi, fundi akataka tubadili mota kabisa. Kilichosaidia: funga mlango, washa swichi ya gari, shusha kioo mpaka chini, kipandishe, na kikifika juu USIACHIE kitufe, endelea kukivuta sekunde kama 5 hivi. Hapo ndo penyewe, ukiachia mapema kompyuta ya gari haijifunzi kioo kinaishia wapi. Mlango wa abiria tumia kitufe cha hukohuko.