Jumapili Regina Mundi, Soweto

Kutoka katikati ya Johannesburg nilipanda basi la Rea Vaya, ambalo lina njia yake kama mwendokasi wa Dar es Salaam, nikashuka kituo cha mwisho, Thokoza Park. Hapo tayari uko ndani ya Soweto. Ukitembea kidogo tu unaliona paa la kanisa Katoliki la Regina Mundi, limechongoka juu ya nyumba za Rockville. Kwa nje halina madoido. Ukubwa wake unauona ukiingia: wanaketi watu kama 2,000, na siku za mazishi ya wapigania haki walibanana maelfu zaidi, wengi wakiwa wamesimama.

Mimi ni mtu wa Morogoro, na safari hii nimeitamani miaka mingi. Baada ya maandamano ya wanafunzi ya Juni 1976 vijana wengi wa Soweto waliikimbia nchi yao. Baadhi yao wakafika kwetu Mazimbu, ambako ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, ilijenga shule kwenye ardhi iliyotolewa na serikali ya Tanzania, ikaiita kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na Makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Makaburi ya waliofia ugenini bado yapo pale, ndani ya kampasi ambayo sasa ni ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Nilitaka kufika walikotoka.

Misa ilikuwa ya lugha kadhaa, Kizulu na Kisotho zikipokezana. Akina mama wa chama cha Mtakatifu Anna, mabega yao ya zambarau, ndio walioubeba wimbo. Baada ya baraka, mzee mmoja wa parokia alinipeleka mbele. Madhabahu ni ya marumaru, na kona yake imemeguka: ni kitako cha bunduki ya askari. Kisha akanyoosha kidole juu, nikayaona matundu ya risasi darini.

Serikali ilikuwa imeamuru masomo, hisabati ikiwemo, yafundishwe kwa Kiafrikana, lugha ambayo wanafunzi na hata walimu wao wengi hawakuimudu. Mei 1976 Desmond Tutu, wakati huo dekano, yaani padri mkuu wa kanisa kuu la Kianglikana Johannesburg, alimwandikia Waziri Mkuu Vorster kumwonya kwamba damu ingemwagika. Hakusikilizwa. Tarehe 16 Juni wanafunzi waliandamana, polisi wakafyatua risasi, na baadhi ya watoto wakakimbilia humu. Polisi wakawafuata mpaka ndani, wakapiga risasi na mabomu ya machozi. Wengi waliumia, humu ndani hakufa mtu.

Kilichonigusa zaidi ni miaka iliyofuata. Kumfungulia mlango mtoto anayekimbizwa na bunduki, siku moja, hata mtu mwoga huweza. Lakini mikutano ya siasa ilikuwa imepigwa marufuku, na mazishi ndiyo yaliyobaki kuwa nafasi ya watu kukusanyika, kusikia hotuba na kuimba Nkosi Sikelel' iAfrika, ambao sisi Watanzania tunaijua sauti yake tangu shule ya msingi. Polisi walizoea kuja na mabomu ya machozi. Fikiria familia za parokia hii: wanakuja na watoto wao Misa ya Jumapili wakijua fika wiki hiyo nyumba yao ya sala inaweza kuvamiwa tena. Wangeweza kumwomba paroko afunge milango mpaka mambo yatulie, na hakuna ambaye angewalaumu. Hawakufunga.

Nalisema hili nikijua kwamba Ukristo ulikuwa pande zote mbili. Kanisa la Kireformed la Kiholanzi, kanisa la Makaburu wengi, liliutetea ubaguzi wa rangi kwa Biblia hiihii. Maaskofu Wakatoliki waliutangaza mwaka 1957 kuwa ni uovu kwa asili yake, na katika tamko hilohilo wakakiri kwamba utengano ulikuwa umeota ndani ya shule zao, seminari zao na hospitali zao. Kukiri huko ninakuheshimu sana.

Mwaka 1996 Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza maovu ya enzi ya ubaguzi chini ya uongozi wa Tutu, ilikuja kusikiliza watu wa Soweto humuhumu.

Nilimuuliza mzee kuhusu jambo lililonisumbua tangu nitue Johannesburg, mimi mgeni mwenye pasipoti ya Tanzania: wageni Waafrika wanaopigwa na kuporwa maduka. Hakunikwepa. Alisema hilo ndilo jaribu lao sasa, na kwamba ni gumu kuliko lile la kwanza, kwa sababu sasa anayemkimbiza mwenzake ni jirani.

Kesho yake nilikwenda kulitazama kanisa la Central Methodist, palepale katikati ya jiji. Chini ya Askofu Paul Verryn lilipokea Wazimbabwe waliokimbia dhiki ya kwao, kwa miaka kadhaa, mamia hadi maelfu ya watu wakilala kwenye ngazi, korido na mabenchi. Harufu na msongamano viliwachosha waumini, wengine wakalalamika waziwazi, na malalamiko yao hayakuwa ya uongo. Januari 2008 polisi walilivamia usiku, wakakamata mamia ya watu. Safari hii walikuwa polisi wa nchi huru. Miezi minne baadaye, Mei, ghasia dhidi ya wageni zikalipuka na kuua watu zaidi ya 60, na waliokimbia wakazidi kumiminika kwenye mlango ule. Walipokelewa.