Upinde wa mkole
Hatimaye nimekamilisha upinde wangu wa kwanza wa mti wa mkole hapa Kondoa, nikielekezwa na mzee wa Kisandawe mwenye subira ya ajabu. Baada ya fimbo kukauka polepole kivulini, tulipunguza kwa kisu upande unaomwelekea mpigaji, tukiukunja na kuutazama tena na tena mpaka ncha zote mbili zikapinda sawasawa. Upande wa nje haukuguswa, kwa kuwa nyuzi zake zikikatwa, upinde huvunjika unapovutwa. Ugwe tuliusokota kwa kano za ng'ombe. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, ina wawindaji wenye pinde, na sasa naitazama kwa heshima kubwa zaidi. Kinachofuata ni kunyoosha mishale.