Nani Anunue Vipuri: Sisi au Kiwanda?

Kila tunapojiandaa kuagiza bodi mpya za saketi za vidhibiti vyetu vya pampu za maji zinazotumia umeme wa jua, mjadala uleule huzuka ofisini kwetu Dar es Salaam: je, kiwanda cha Shenzhen, China, kinachotupachikia vipuri vya elektroniki kwenye bodi hizo kiachiwe pia kazi ya kuvinunua, au tuvinunue wenyewe kwa wauzaji tunaowaamini, kisha kiwanda kibakiwe na kazi ya kupachika na kulehemu tu? Mhasibu wetu hutazama ankara, akaona asilimia ambazo kiwanda kimejiongezea juu ya bei ya kila kipuri, naye huuliza, kwa haki kabisa, kwa nini tulipe ziada hiyo ilhali bei za wauzaji wakubwa zipo wazi mtandaoni. Mimi huihesabu ziada hiyo kuwa malipo ya dhamana. Anayenunua kipuri ndiye anayewajibika kipuri hicho kikichelewa, kikipungua au kikigundulika kuwa feki, na kabla ya kulinganisha bei ni vyema mtu ajiulize ni dhamana ipi anao uwezo wa kuibeba.

Tuanze na vile vidogo, kwa sababu ndivyo vingi na ndivyo vinavyowachanganya watu. Rezista, kipuri cha kuzuia sehemu ya mkondo wa umeme, ya saizi iitwayo 0402 ina urefu wa milimita moja tu, na kwa kawaida huuzwa ikiwa kwenye rili, yaani gurudumu la utepe uliobeba vipuri, ya vipande 10,000, wakati oda yetu nzima huenda ikahitaji mia kadhaa. Ukinunua mia kadhaa, muuzaji hukukatia kipande cha utepe, na kipande kifupi ni kero kiwandani, kwa kuwa mashine ya kupachika hudai urefu fulani wa utepe mtupu mwanzoni ili iweze kuuvuta. Isitoshe, mashine yenyewe hupoteza vipuri: hukinyonya kimoja, kamera ikaona kimekaa upande, kikatupwa. Ndiyo maana viwanda hudai vipuri vidogo vizidi idadi iliyomo kwenye mchoro. Mteja aliyehesabu barabara, akaleta idadi kamili pasipo ziada, atapigiwa simu katikati ya kazi aambiwe kwamba mashine imesimama kwa kukosa rezista za senti chache, na muda wa mashine kusimama utaandikwa kwenye ankara yake. Kiwanda kikinunua chenyewe, rili hiyo huwa tayari imefungwa kwenye mashine kwa ajili ya wateja wengine, na simu hiyo haipigwi kabisa.

Kuna pia suala la unyevu, ambalo watu wa ofisini hawalijui na watu wa pwani wanapaswa kulijua kuliko wengine. Chipu nyingi zilizofunikwa kwa plastiki hufyonza unyevunyevu wa hewani, na zile zilizo katika daraja la tatu la kuathirika na unyevu huruhusiwa kukaa nje ya mfuko wake uliozibwa kwa saa 168 tu, tena katika joto lisilozidi nyuzi 30 na unyevu wa hewa usiozidi asilimia 60. Hali ya Dar es Salaam hupita viwango hivyo siku nyingi za mwaka. Mtu akiagiza chipu zije kwanza hapa, akafungua mifuko ili azihesabu kwa uangalifu, kisha akazituma Shenzhen, amekwisha kuzitumia saa hizo pasipo kujua. Zikiingia kwenye tanuru la kulehemu, ambamo joto hufika nyuzi 240 na zaidi, maji yaliyonaswa ndani hugeuka mvuke na kuipasua chipu, mara nyingine kwa ufa usioonekana kwa macho. Atakayenunua mwenyewe basi aagize vipuri viende moja kwa moja kiwandani, mifuko ikiwa haijafunguliwa. Huko navyo hukutana na forodha, kwa kuwa vipuri vinavyoingia China kutoka nje hutozwa VAT ya asilimia 13, isipokuwa kiwanda kiwe kimesajiliwa katika utaratibu maalumu wa kutengeneza bidhaa za kuuzwa nje. Unafuu ulioonekana mtandaoni mara nyingi huyeyukia hapo.

Hadi hapa ningeweza kusema kiwanda kinunue kila kitu, na mjadala ukafungwa. Tatizo ni kwamba anayenunua hupata pia nafasi ya kuchagua, na kiwanda huchagua kwa macho ya kiwanda. Kiwanda kimoja tulichofanya nacho kazi miaka ya nyuma kilikosa kapasita (vipuri vinavyohifadhi chaji ya umeme) za seramiki tulizoziandika, za aina ya X7R, kikaweka za Y5V zenye thamani ileile na saizi ileile. Kwenye karatasi zote mbili ni za mikrofaradi 10. Tofauti yake ni kwamba X7R huruhusiwa kuyumba kwa asilimia 15 tu kati ya nyuzi 55 chini ya sifuri na nyuzi 125, ilhali Y5V inaweza kupoteza hadi asilimia 82 ya uwezo wake ikifikia nyuzi 85, na hata katika mipaka hiyo bado inahesabiwa kuwa nzima.

Bodi zilipita majaribio yote mezani, penye kiyoyozi. Zilipofungwa ndani ya masanduku ya chuma na kukaa juani, zikaanza kujizima na kujiwasha mnamo saa saba mchana, pampu ikinguruma na kunyamaza, mpaka jua lilipopunguza ukali. Tulimshuku aliyeandika programu kwa muda mrefu kuliko alivyostahili. Kapasita za aina hii hazina maandishi yoyote mgongoni, kwa hiyo huwezi kuitambua mbadala kwa kuitazama hata kwa darubini. Hatimaye fundi wetu aling'oa moja, akaifunga kwenye mita na kuielekezea hewa ya moto polepole: namba kwenye kioo zikaporomoka mbele yetu. Tulipowaandikia, kiwanda kilijibu kwa utulivu kwamba orodha yetu ilitaja thamani na saizi pekee, bila jina la mtengenezaji wala namba ya kipuri chake. Nao mkataba haukukataza mbadala.

Uhaba wa chipu wa mwaka 2020 hadi 2022 uliongeza upande mwingine wa jambo hili. Chipu za kawaida kabisa, kama zile za familia ya STM32, ambazo ni vidhibiti vidogo vya kubeba programu ya kifaa, ziliadimika kwa wasambazaji rasmi, na waliozihitaji wakaishia kwa madalali waliouza kwa bei mara nyingi ya ile ya awali. Dalali anaweza kuwa mwaminifu, lakini pia katika soko hilo huzunguka chipu kuukuu zilizobanduliwa kwenye bodi za taka, zikapigwa msasa mgongoni na kuchapwa jina upya. Hata kabla ya uhaba, mwaka 2014, kampuni ya FTDI, inayotengeneza chipu za kuunganisha vifaa na kompyuta kwa USB, ilitoa programu ya kiendeshi, ile inayoiwezesha kompyuta kuwasiliana na chipu, iliyozizima chipu bandia zilizobeba jina lake, na watu walioamini kwamba wamenunua vifaa halali wakajikuta na vifaa vilivyokufa ghafla. Katika hali kama hiyo swali la nani alinunua ndilo hubeba hasara yote. Kiwanda kikinunua kwa dalali bila kukuarifu, jina lililo juu ya sanduku bado ni lako, na mkulima atakupigia simu wewe.

Wengi husema kwamba kampuni kubwa zimekwisha kuachia viwanda kazi hii yote, na hapo sikubaliani nao. Apple haimiliki mistari ya kuunganisha simu zake, lakini mwaka 2005 ilitangaza kuwalipa mapema watengenezaji watano wa chipu za kumbukumbu, wakiwamo Samsung na Hynix, dola bilioni 1.25 ili kujihakikishia ugavi hadi mwaka 2010. Ilishikilia yenyewe kile ambacho bila hicho hakuna bidhaa. Sisi hatuna bilioni, ila tunao uwezo wa kujua kipuri kipi kwetu kina uzito wa namna hiyo.

Kwa hiyo siku hizi hatuulizi swali hili kwa bodi nzima. Tunaliuliza mstari kwa mstari wa orodha ya vipuri. Kidhibiti kidogo kinachobeba programu yetu, transista za kusukuma mota na rilei ya kukata umeme wakati wa hatari tunanunua wenyewe kwa wasambazaji rasmi, navyo hutumwa Shenzhen mifuko ikiwa imezibwa, pamoja na ziada. Vilivyosalia hununua kiwanda, na kila mstari huwa na jina la mtengenezaji, namba kamili ya kipuri na mbadala mmoja au mawili tuliyokwisha kuyapima wenyewe. Nje ya hayo kiwanda hakibadilishi chochote bila idhini yetu ya maandishi. Ziada yao ya asilimia tunailipa bila kunung'unika, na mhasibu ameridhika kiasi, hasa alipoona gharama ya kutuma mafundi vijijini kubadilisha kapasita.

Linalobaki kutusumbua ni mabaki. Rili ikinunuliwa kwa ajili yetu na isiishe, ni mali ya nani? Tumeandika kwenye mkataba kwamba vya kawaida, kama rezista, vibaki kwao bila malipo, na vile vya pekee ambavyo mteja mwingine hatavitumia tuvilipie, vifungwe tena kwenye mifuko yenye vikausha unyevu na kuandikwa idadi. Kila oda inapofungwa tunaomba picha ya rafu hiyo pamoja na hesabu yake, kwa sababu oda inayofuata huanzia hapo.