Pantoni, bamvua na kopo lenye utepe mwekundu

Watoto wangu wa mwisho ni mapacha, Kulwa na Doto, wana miaka minne. Dada yao yuko darasa la pili. Tunaishi Kimara, gari hatuna, na dada anayenisaidia kazi huenda kwao Mbagala kila Ijumaa jioni. Kwa hali hiyo majirani wengi Jumamosi wanawasha televisheni na kufunga geti. Mimi nawatoa. Kukaa na mapacha kwenye vyumba viwili mpaka Jumatatu ni kazi nzito kuliko safari yoyote niliyowahi kusafiri.

Baba watoto anapenda mahali penye jina. Yeye ndiye aliyetupeleka Kijiji cha Makumbusho, pale Barabara ya Bagamoyo, kwenye nyumba za makabila: tembe la Wagogo, nyumba ya Wazaramo, msonge wa Wahaya. Ni mahali pazuri, sina ugomvi napo. Kwa kuwa ni mtu wa Bukoba, alisimama mbele ya msonge akaanza kueleza mababu walilala upande gani na ng'ombe walifungwa upande gani. Mkubwa alisikiliza. Doto aliingia ndani, akalipenda lile giza, akakaa chini. Kulwa akamfuata. Hawakutoka mpaka tulipowaahidi kwamba tunarudi kupanda basi. Jioni bibi yao akawauliza kwenye simu, "Haya wajukuu zangu, mmeona nini huko?" Wakajibu kwa pamoja: basi. Basi gani tena? Lile la mwendokasi, linalojikunja katikati.

Baba watoto alisononeka. Mimi nilichukua jibu lile nikalifanyia kazi. Mtoto wa miaka minne hana haja na mahali. Haja yake ni chombo. Tangu hapo nachagua kwanza chombo cha kupanda, halafu popote kitakapotushusha ndipo tunapocheza.

Kwa Dar es Salaam, sijaona chombo kinachoshinda pantoni la Kigamboni. Nauli ya mtu mzima anayevuka kwa miguu ni shilingi 200. Zamani ilikuwa 100. Ilipopanda mwaka 2012 watu wakalalamika, na Waziri wa Ujenzi wa wakati huo akawaambia wasioweza wapige mbizi. Mimi na mapacha wawili mkononi, mbizi hapana, nalipa. Kwa hela hiyo watoto wanaona magari yakiingia ndani ya meli, mikokoteni, baiskeli zenye matenga ya kuku, na wakibahatika wanaona meli ya makontena ikipita kwenye mlango wa bandari huku pantoni limetulia kuipisha. Meli kama hiyo ikipita karibu, hata wanaovuka kila siku wanainua macho kutoka kwenye simu zao. Doto aliwahi kuuliza hilo ghorofa linaenda wapi.

Ugumu uko kwenye kupanda. Geti la banda la abiria linapofunguliwa watu wanamwagika kwa kasi, kila mmoja anawahi nafasi, na mtoto mfupi katikati ya miguu ile haonekani. Mimi huwa sisogei. Nakaa nao kwenye benchi la nyuma, wimbi la watu linapita, kisha tunatembea taratibu tukiwa wa mwisho mwisho. Pantoni lina nafasi, hakuna aliyeachwa kwa sababu ya kutokimbia mita mia. Ikitokea limejaa, tunasubiri linalofuata, na kwa mapacha kusubiri pale ni sehemu ya starehe, maana wanaliona likiondoka na wanaliona lingine likija. Mkubwa kazi yake ni kumshika Kulwa, mimi namshika Doto, baba watoto akiwepo anabeba begi.

Ndani nilishajifunza kuwakalisha mbali na ukingo, lakini mbali na ukingo si mbali na maji kwa mtoto mwenye mkono wa kurusha. Siku moja Doto alivua yeboyebo yake akairusha juu ya vyuma ili aone kama itaelea. Ikaelea vizuri sana, ikaenda zake. Abiria wakacheka. Kabla sijafungua kinywa, Kulwa naye akavua ya kwake akairusha, ili wafanane. Ng'ambo ile wachuuzi wapo, nikanunua kandambili jozi mbili, na tangu hapo viatu vyao vinavuliwa pale tunapopanda na kurudi miguuni tukiteremka. Mwenye pantoni hadai viatu.

Upande wa Kigamboni tunachukua bajaji mpaka Mjimwema, ufukweni. Nani asiyejua ufukwe? Lakini nimegundua wazazi wengi wa bara kama mimi tunakwenda baharini kwa saa za ofisini, bila kuuliza maji yako wapi. Aliyenifundisha ni mvuvi mmoja aliyenikuta nimesimama na watoto maji yamejaa mpaka kwenye miti, mawimbi yanawaangusha. Aliniambia, "Shangazi, siku za maji mafu usilete watoto asubuhi. Njoo siku za bamvua, saa nne utakuta bahari imekuachia uwanja."

Nikaanza kufuatilia, na ni kweli. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Siku hizo tofauti ya kujaa na kupwa kwenye pwani yetu inapita mita 3, na hapa Dar maji hujaa sana mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, yakapwa sana mnamo saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku saa zinasogea mbele kwa karibu dakika 50. Kwa hiyo wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, ndiyo maji mafu, mambo yamegeuka: saa nne asubuhi ndipo maji yamejaa, ingawa hayajai kwa nguvu kama ya bamvua. Kwa mtu anayetoka Jumamosi tu, maana yake ni kwamba mara nyingi Jumamosi moja ni yetu na inayofuata si yetu. Sihitaji hata jedwali. Usiku wa Alhamisi natazama juu. Mwezi ukiwa duara, au usipoonekana kabisa, nachemsha viazi.

Bahari ikipwa saa nne inaacha vidimbwi vya maji ya vuguvugu, yanafika kwenye kifundo cha mguu, na kila kidimbwi kina kaa wadogo, konokono na visamaki vilivyosahaulika. Mapacha wanaweza kukaa kwenye kidimbwi kimoja kuliko walivyowahi kukaa mbele ya katuni. Mimi nakaa nimekunja kanga, nawaona wote watatu, hakuna mawimbi. Penye miamba siwapeleki peku, kwa sababu ya wale wadudu weusi wenye miiba mirefu; mwiba wake ukikatikia mguuni mtoto atakueleza habari zake wiki nzima. Na maji yakianza kurudi, yanarudi. Huwa nachomeka kijiti mchangani. Yakifika kwenye kijiti tunakusanya vitu, iwe wamemaliza kujenga nyumba yao au la.

Sasa niseme habari ya kopo. Doto hutapika kwenye basi. Zamani kila mama alikuwa na rambo ndani ya pochi kwa ajili ya mambo hayo. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019 ilifanya jambo jema kwa mitaro ya mji huu, lakini wenye watoto wa kutapika hatukuachiwa mbadala. Mfuko wa karatasi unalowa na kufumuka. Ule wa kitambaa, mungu wangu. Nilichofikia ni kopo kubwa la Blue Band lenye mfuniko: linabana, halivuji, halitoi harufu, linaoshwa. Tatizo lililobaki ni kwamba nyumbani kwetu makopo hayo hayo ndiyo yanabeba maandazi, na baba watoto aliwahi kufungua lisilo lake, ndani ya basi, akiwa na njaa. La matapishi sasa lina utepe mwekundu wa fundi umeme, mara mbili kulizunguka.

Kutapika kwenyewe nimekupunguza. Asubuhi ya safari Doto hanywi chai ya maziwa. Anapewa kiazi cha kuchemsha au mkate mkavu na maji kidogo. Kimara ni mwanzo wa njia, tukiwahi tunapata viti vya mbele, na anatazama nje. Yeye anataka kusimama pale kwenye mkunjo wa basi, sakafu inapozunguka. Tumekubaliana: mkunjo ni wakati wa kurudi, tumbo likiwa limetulia.

Chakula nabeba kisicho na sukari ya kudondoka. Ubuyu marufuku, kwa sababu rangi yake haitoki kwenye nguo wala kwenye kiti cha bajaji. Mihogo ya kukaanga tunanunua, tukienda ufukwe wa Coco hasa, lakini muuzaji namwambia pilipili aiweke kwenye karatasi ya pembeni. Kulwa aliwahi kushika kipande chenye pilipili kisha akajifikicha jicho. Wasamaria walikuja na ushauri wa kila aina, wengine wakimmwagia maji usoni huku mkono wenye pilipili ukirudi pale pale. Dawa ni kuanza na mikono: sabuni, osha mpaka kwenye kucha, halafu ndipo jicho lioshwe kwa maji safi mengi. Ndiyo maana kipande cha sabuni ya mche hakikosekani kwenye begi, kimefungwa kwenye soksi.

Tukirudi upande wa mjini hupitia Soko la Feri kununua samaki, maana ni hapo hapo. Hapo ndipo Kulwa alipopotea. Mnada ulikuwa umechangamka, watu wanataja bei, wachukuzi wanapita na matenga wakipiga kelele "Pisha! Pisha!", nikamlipa mtu, nikageuka, naona watoto wawili badala ya watatu. Nilimshika Doto kwa nguvu mpaka akalia. Wakati nahangaika, kijana mmoja alikuwa anazunguka anatangaza kwa sauti, "Kuna mtoto anaitwa Doto hapa, kapotea! Mama Doto!" Nikamhurumia huyo mama mwingine. Ma-Doto ni wengi Tanzania, na wa kwangu nilikuwa naye mkononi. Mkubwa ndiye aliyesema, "Mama, tukaangalie."

Kulwa alikuwa kwa akina mama wanaokaanga samaki, amekalia ndoo iliyopinduliwa, ameshika mkia wa kibua. Yule mama aliyemhifadhi akaniambia, "Nimemuuliza nani kapotea, akasema Doto." Ndivyo alivyoona yeye. Yeye alikuwa anakula samaki, hakupotea. Doto ndiye aliyekuwa haonekani.

Namba ya simu nilikuwa nimemwandikia mkononi kwa peni, ila maji ya chumvi na jasho yalikuwa yameshaifuta. Siku hizi naiandika kwa makapeni kwenye pindo la ndani la fulana, na wote watatu wanavaa fulana za njano kali. Mkubwa anaona aibu, anasema tunafanana na timu. Nimemwambia tuko timu.

Kuna saa moja isiyojadiliwa: saa saba mchana. Mapacha hulala saa hiyo, na wasipolala wanageuka watu wengine. Kwa hiyo tunatoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu, saa tano na nusu tunaanza kurudi. Ndugu zangu hucheka, wanasema matembezi gani yanaisha kabla ya chakula cha mchana. Nawaachia matembezi ya kutwa nzima, ndiyo hayo yanayoishia na mtoto amelala chini katikati ya Posta anapiga mateke na baba yake anajifanya hamjui.

Treni ya SGR imenilainisha kidogo. Dar mpaka Morogoro ni chini ya saa mbili, kwa hiyo ukipanga vizuri usingizi wa saa saba unaangukia humo humo kwenye kiti. Baba watoto alifurahi mno kuwaonyesha milima ya Uluguru. Mapacha walifurahia ile kasi ikiandikwa kwenye kioo juu ya mlango, ingawa hawajui kusoma 160, mkubwa aliwasomea. Kulwa alitishwa na mlio wa choo, akakataa kabisa kurudi, ikabidi turejee kwenye huduma za kopo. La utepe mwekundu, naam.

Jumamosi ijayo mwezi utakuwa nusu, kwa hiyo Mjimwema hakuna. Baba watoto anaitaka Bagamoyo, magofu ya Kaole, ameshaandaa na maelezo. Nimemuuliza tutakwenda na nini. Amesema daladala. Mapacha wanataka kujua kama linajikunja.