Tarakimu kiganjani

Juzi usiku mwanangu alichemka. Nikampima, 38.6, nikaiandika kiganjani kwa kalamu. Akaniuliza, "Mama, kwani daftari huna?" Sikumjibu.

Jumatatu ile tulipoanza kutumia mfumo wa kompyuta kituoni, ambako mimi ni muuguzi, daftari tulikuwa nalo, limefungiwa kabatini. Agizo lilikuwa moja: kuanzia asubuhi kila kitu kwenye mfumo. Kompyuta tano: mapokezi, kwa daktari, maabara, malipo, dirisha la dawa. Mezani kwangu, penye mizani na kipimajoto, hapakuwa na kitu. Waliopanga walihesabu vyumba, na meza yangu ilikuwa koridoni. Wakati huohuo ukurasa wa daktari haufunguki mpaka uzito na joto viingizwe. Basi nikawa napima watu watatu watatu, naandika kiganjani, nakimbilia mapokezi, karani ananipisha, naingiza, narudi.

Kufika saa nne foleni ilikuwa imetoka nje hadi mwembeni. Jasho linanitoka, na kila baada ya mgonjwa napaka kitakasa mikono. Wino ukatanda. Kwenye uzito wa mtoto mmoja nikasoma 19, nikaingiza 19.

Mtoto alikuwa na malaria. Dawa mseto hufuata uzito: kilo 5 hadi chini ya 15 kidonge kimoja, 15 hadi chini ya 25 viwili, mara mbili kwa siku, siku tatu. Daktari akaandika viwili, kwa uzito aliouona. Mama wa dirisha la dawa alishashika pakiti ya vidonge 12. Akamtazama mtoto mgongoni kwa mama yake. Akamtazama tena, mkono na pakiti vikiwa hewani.

"Sista, huyu ana kilo kumi na tisa? Hebu tumpime."

Mizani ikasoma 14.2. Akairudisha ile pakiti, akatoa ya vidonge 6, akaita mgonjwa anayefuata.

Jumatano nikaletewa kompyuta mpakato, daftari likatolewa kabatini, tukaandika kotekote, daftarini na kwenye mfumo, wiki sita. Ilichosha sana, ila tarakimu ilikuwa na mwenzake wa kulinganishwa naye.

Mafunzo yalikuwa mchana mmoja, wagonjwa wa mfano wote watu wazima, foleni hakuna. Labda tungemfuata mgonjwa mmoja wa kweli kutoka getini hadi kwenye dawa, korido ingeonekana. Labda. Meza yangu niliijua kuliko yeyote mle ndani; sikuulizwa, nami sikunyoosha mkono.

Alfajiri nilipompima tena mwanangu, 37.2, daftari lake la hesabu lilikuwa kando ya mto, limefunguliwa ukurasa mtupu.